Kuku wa Shinkolobwe, Sehemu ya Tisa: Firigisi ya Mgeni

Tulimwacha Deborah amesimama na kifuniko cha sufuria mkononi, pua juu ya mvuke, na maneno yake yakining'inia katikati ya sebule: hii si kuku ya Shinkolobwe. Mlioniandikia wiki nzima mkiuliza kama Hélène alizimia, jibu ni hapana. Alitamani kuzimia, lakini hapakuwa na nafasi ya kuangukia. Nyumba ya mama yake hapa Kikula, mtaa wa Likasi, Kongo, ilikuwa imejaa viti vya kuazima hadi mlangoni.

Kwa waliochelewa kufika mezani, niseme haraka. Jean-Luc, kaka mkubwa wa Hélène, ana mgahawa mjini Liège, Ubelgiji, unaoitwa Chez Mama Likasi. Chakula chake kinachosifiwa ni Poulet Shinkolobwe, kuku wa nazi na karanga, na karatasi ya mgahawa inasema mapishi hayo yametoka kwa bibi wa bibi zetu. Sisi tunaoishi huku tunajua kwamba Shinkolobwe ni mgodi wa urani uliofungwa, na anayeuendea kwa kujificha hafuati chakula. Tunajua pia kwamba bahari iko mbali na Likasi, na wengi wetu nazi tumeiona kwenye picha tu. Lakini Wabelgiji walilipenda jina, wakalila na kulisifu.

Sasa kuku huyo anataka kutiwa kwenye chupa na kuuzwa madukani. Chama kimoja cha huko, kinachogawa muhuri wa chakula halisi, kimemtuma Deborah aje amwonje kwao alikozaliwa, kutoka mkononi mwa familia.

Muhuri ukitoka, Hélène anapata barua ya mwaliko kama mlinzi wa mapishi, na kwa barua hiyo anaweza kuiomba tena viza aliyonyimwa mara mbili. Ana miaka arobaini na moja. Kumi na tisa kati ya hiyo amepika katika majiko ya kampuni za watu, akiambiwa na wasiojua hata kumenya kitunguu kwamba supu ni nzito. Jean-Luc amemwahidi jiko la Liège liwe lake. Hilo tu ndilo analotaka: jiko moja kabla hajazeeka, ambamo akisema chumvi imetosha, imetosha.

"Inakosa nini, madame?" aliuliza, sauti ikimtoka kama ya mtu mwingine.

"Citronnelle," alisema Deborah. "Iko wapi citronnelle? Ku Liège, ukiingia tu mu mulango wa restaurant, njo harufu ya kwanza."

Hélène alizipitia kichwani audio kumi na moja alizotumiwa na kaka yake kwa WhatsApp. Kuku bila mifupa, alisema Jean-Luc. Tui la nazi, ambalo Hélène alilifuata hadi Lubumbashi na kulipata katika duka kubwa ambako mlinzi alimfuata nyuma kila rafu. Karanga. Pilipili kidogo, kwa sababu Wazungu hulia. Citronnelle hakuitaja hata mara moja. Na hapa kwetu citronnelle, yaani mchaichai, huchemshwa kuwa chai mtu akiwa na homa. Hakuna aliyewahi kumpa kuku dawa ya homa akiwa ndani ya sufuria.

"Ile tunatiaka mwisho, madame," alidanganya Hélène bila kupepesa. "Ukiitia mbele, harufu inakufa."

"Ah bon," alisema Deborah, na akaandika kwenye daftari lake kwamba wenyeji hutia citronnelle mwisho. Hivyo ndivyo mila inavyozaliwa, wasomaji wangu, nanyi mmeiona kwa macho yenu.

Hélène alimtupia jicho Jenny.

Jenny ni wifi yake, mke wa Jean-Luc. Alitolewa mahari miaka minane iliyopita, na mwezi mmoja baadaye mumewe alipanda ndege kwenda kutafuta maisha. Tangu siku hiyo anaishi hapa kwa mama mkwe, akingoja karatasi za kumfuata, na kila mwaka Jean-Luc husema ni mwaka ujao. Ni mwanamke wa maneno machache. Alitoka uani bila kuuliza na kurudi na fungu la majani, Hélène akalifunga kwa uzi na kulitumbukiza.

Deborah alivuta pumzi na kufumba macho.

"Voilà," alisema. "Sasa njo yenyewe."

Mapishi ya bibi wa bibi zetu yalikuwa yamekatwa kwenye ua wa jirani dakika nne zilizopita, pale jirani anapomwaga maji yake ya sabuni.

Walikaa mezani. Deborah alichukua tonge la bukari, ugali wetu, akalitazama dhidi ya mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua hati bandia.

"Bukari hii iko na rangi," alisema. "Ya kwetu ku Liège iko mweupe kabisa. Tunaitengeneza na semoule ya ngano."

"Hii ni mahindi na muhogo," alisema Hélène. "Familia yetu ilitoka Kasaï. Kwetu bukari bila muhogo ni ya mugonjwa."

"Donc munachanganyaka." Deborah aliandika tena, kwa masikitiko. "Dommage."

Msidhani Deborah ni Mzungu. Mama yake alizaliwa hapa hapa Likasi na aliondoka msichana. Deborah alizaliwa Liège, Kiswahili alikipata jikoni kwa mama yake, na safari hii ndiyo ya kwanza kwake kukanyaga nchi hii. Alifika Jumanne, na Alhamisi alikuwa anatueleza bukari.

Hélène alimeza maneno yake pamoja na mate. Mgeni alikuwa amepeleka mkono kwenye kuku, alikuwa anatafuna, alikuwa anatabasamu. Fomu ya muhuri ilikuwa pembeni ya sahani, imeshatolewa kwenye bahasha. Hélène alianza kuliona jiko la Liège, vyungu vyake vikining'inia ukutani.

Hapo mlango wa chumba cha kulala ulifunguka.

Mama Suzanne ana miaka sabini na sita, na binti yake alikuwa amemwomba kwa heshima zote abaki chumbani na rozari mpaka mgeni aondoke. Si kwamba ni mgonjwa. Ni kwamba hajui kusema uongo, na hajawahi kuona sababu ya kujifunza. Alisogea mezani kwa mkongojo wake, akamsalimia mgeni vizuri, akamuuliza habari za safari. Kisha akainama juu ya sahani.

"Gésier iko wapi?" aliuliza.

Wasomaji wenye asili ya Kasaï wameshashika kichwa. Kwa wengine nieleze: gésier ni firigisi. Katika nyumba hizo, kuku wa mgeni huletwa na firigisi yake juu. Firigisi ni kipande cha mwenye nyumba. Akikitoa, amekupa heshima yake. Kuku akija bila firigisi, mgeni anaambiwa wazi kwamba waliokula walishakula, na yeye amewekewa makombo. Kuna waliovunja urafiki wa miaka kwa jambo hilo, na kuna posa zilizorudishwa.

Nyumba hii ina lake zaidi. Tangu Jean-Luc aondoke, kila kuku akichinjwa, firigisi huwekwa kwenye sahani ya Jean-Luc na kufunikwa. Hakuna mkono unaoigusa. Kesho yake Jenny huitupa mwenyewe. Miaka minane.

"Mama, hii kuku haina na gésier," alisema Hélène kwa upole wa kutisha. "Ni filet. Tuliinunua ku frigo."

"Kuku gani haina na gésier? Ilikuwa inasagaka chakula na nini?"

"Mama, tafadhali. Rudia mu chambre."

"Mugeni anatoka Ulaya, anakula kuku ya bure mu nyumba yangu, kisha anarudia kule kusema Suzanne alimupa nyama haina kichwa wala miguu?" Mzee aligonga mkongojo mara moja. "Jenny. Leta ile ya inje."

Ile ya nje. Kumbe alfajiri, wakati yeye akifungua makopo ya tui, mama yake alikuwa amechinja jogoo wake wa mwisho na kumbandika kwenye mbabula, jiko la makaa, nyuma ya nyumba, kwa nyanya, vitunguu, mafuta na kile kidonge cha kiungo cha dukani kiitwacho cube, kama alivyopika tangu akiwa msichana.

Jenny aliingiza sufuria ya pili. Mama Suzanne alichukua firigisi kwa mkono wake mwenyewe na kuiweka katikati ya sahani ya mgeni.

"Ya mwenye nyumba," alisema. "Yeye haiko. Kula weye."

Deborah aliitazama firigisi, nayo ikamtazama.

"Merci mingi, mama," alisema. "Lakini minye sikulaka bintu ya mu tumbo." Akaisukuma kwa ncha ya uma hadi ukingoni mwa sahani.

Mama Suzanne alikaa chini kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto wa watu, na hawezi kumrudishia.

Deborah, kwa kutaka kurekebisha mambo, alionja paja la jogoo. Akatafuna. Akatafuna sana, maana jogoo alikuwa mtu mzima.

"Hii mumetia cube?"

"Ndiyo," alisema Mama Suzanne.

"Cube haiko traditionnel, mama. Inatoka ku usine."

"Mama yangu alipika nayo. Minye nilipika nayo, nikakomalisha batoto nayo. Bwana yangu pia alitoka ku usine, miaka makumi tatu. Na yeye haiko traditionnel?"

Deborah aliandika. Hélène alisoma maneno yale kichwa chini, kwa Kifaransa: kuku wa pili, ladha imechafuliwa na viwanda, haina mizizi. Alisoma mara mbili na, Mungu amsamehe, alifurahi. Kuku wa kopo alikuwa anashinda. Mama yake alikuwa anashindwa kupika chakula cha kwao ndani ya nyumba yake, na Hélène alikuwa anafurahi.

"Swali ya mwisho," alisema Deborah, akigeuza ukurasa wa fomu. "Ni ya protocole tu. Mama, kati ya hizi kuku mbili, gani njo ya familia?"

Hélène alimtazama mama yake. Alimwomba kwa macho, kwa nyusi, kwa kidole gumba cha mguu chini ya meza.

"Hii ya mifupa," alisema Mama Suzanne. "Ile ingine niliiona juzi. Hélène alikuwa anajaribu, anafungua boîte, nikauliza kama ni maziwa ya mutoto."

Deborah aliifunga kalamu yake. Ilitoa mlio mdogo, na kwa Hélène mlio huo ulikuwa mlango wa ubalozi ukifungwa mara ya tatu. Kwa muda wa pumzi moja alimchukia mama yake, chuki ya kweli, ya moto. Kisha akaona aibu, na aibu ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Madame Deborah," alisema, "sitakudanganya tena. Mama anasema kweli. Ile kuku nilijifunza ku WhatsApp. Yaya Jean-Luc alinitumia audio kumi na moja. Ku Likasi hakuna muntu anapikaka ile. Na Shinkolobwe hakuna restaurant, kuko shimo. Nilifanya vile juu ya ile barua ya invitation. Niko nachoka na majiko ya bantu. Njo ile tu."

Alitegemea hasira. Alitegemea mgeni anyanyuke, achukue bahasha, aite gari. Deborah hakunyanyuka. Macho yake yalijaa maji, na yalipomwagika hakuyafuta.

"Minye nilikula ile kuku miaka mingi," alisema. "Kila siku ya Mungu, kisha misa, mama yangu alikuwa ananipeleka Chez Mama Likasi. Anakula, anafunga macho, anasema: njo ladha ya kwetu. Siku tulimuzika, tulikula ile kuku. Munaniambia haiko ya huku?"

Hakuna aliyetaka kumjibu. Hata Mama Suzanne, ambaye hajui uongo, aligundua kwamba kunyamaza si dhambi. Mama yule marehemu aliondoka hapa msichana, akala nazi na majani ya homa miaka yake ya mwisho, akafa akiamini amekula kwao. Huko ugenini kumbukumbu yake ilikuwa imepikwa upya, na yeye akamaliza sahani. Mimi ninayewacheka wote katika hadithi hii, huyo nimeshindwa kumcheka.

"Kama haiko ya huku," alisema Deborah, "basi ni ya wapi?"

"Njo minye nakuuliza," alisema Hélène. "Yaya Jean-Luc alitoka hapa hajui hata kupasua yayi. Hakuwa anatofautisha matamba ya muhogo na majani ya mbuzi. Nazi ilitoka wapi?"

Deborah alitoa simu. "Angalia weye mwenyewe. Nilifilmer mu jiko yao mwezi uliopita, juu ya dossier."

Hélène aliinama kutazama. Jiko safi, la chuma, na vyungu vikining'inia ukutani vilevile kama alivyoviota. Mikono miwili midogo ilikuwa inakata citronnelle kwa kasi ya ajabu, ikaiponda kwa ubapa wa kisu, ikamimina tui bila kupima. Ilikuwa mikono ya fundi. Hélène aliitambua hivyo mara moja, kama mpishi anavyomtambua mpishi, na aliiheshimu kabla hajauona uso. Kisha kamera ikapanda. Alikuwa mwanamke wa Kiasia, wa miaka thelathini na kitu, nywele amezibana, anacheka na mtu asiyeonekana.

"Uyu nani?"

"Si ni Linh. Bazazi bake balitoka Vietnam. Yeye njo anapikaka byote. Jean-Luc anakaribishaka tu bageni."

"Kumbe ni mupishi wake."

"Mupishi?" Deborah alicheka kidogo kati ya machozi. "Ni bibi yake, muke wake. Bibi ya Jean-Luc. Lakini munamujua, ni familia yenu."

Deborah hakuwa na kosa. Asubuhi alipofika nyumbani hapo, Hélène alikuwa amemtambulisha Jenny kwa maneno matatu: wa hapa nyumbani.

Jenny alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mgeni na beseni la maji ya kunawa. Najua kwamba katika hadithi za wenzangu beseni lingeanguka na maji yangetapakaa hadi barabarani. Jenny aliliweka chini taratibu, kwa sababu yeye ndiye angekuja kupiga deki. Aliinama juu ya bega la Deborah na kutazama video tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akavuta kiti na kukaa mezani, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya mama mkwe wake akiwa na mgeni.

Alinyoosha mkono hadi ukingoni mwa sahani ya Deborah, akachukua firigisi, akaitia mdomoni.

Mama Suzanne alifungua kinywa, akakifunga. Firigisi ya jogoo mzee si kitu cha kumeza haraka. Jenny aliitafuna yote, bila kuharakisha, na meza nzima ilimsikiliza. Alipomaliza alijifuta vidole.

"Beko na batoto?" aliuliza.

Deborah alimtazama, akamtazama Hélène, akaanza kuelewa. "Weye ni nani, tantine?"

"Minye ni ule Jean-Luc alitolea mali ya ndoa. Miaka munane. Beko na batoto ao beko bila?"

"Babili," alisema Deborah kwa sauti ndogo. "Wa kwanza iko na miaka sita."

"Pardon," aliongeza. "Pardon, sikujua."

Hélène alisimama. Jiko la Liège lilikuwa bado linang'aa kwenye simu, na hakuweza kulitazama. "Mulamu," alimwambia Jenny, "minye siendi. Leo hivi namuambia. Siwezi kuenda kupika mu jiko ya ule mwanamuke, weye uko hapa unatupaka magésier yake kila fête. Madame, pasua ile fomu."

Alimaanisha. Na bado, niwaambie ukweli, alipoyasema yale kifua kilimuuma kwa ajili ya vile vyungu.

"Kaa chini," alisema Jenny.

"Mulamu..."

"Kaa. Madame, fomu inauliza nini?"

Deborah alisoma kwa kusitasita. "Inauliza kama mapishi ni ya familia."

"Ule Linh, balifunga naye ndoa?"

"Ku commune, ndiyo. Niliona picha ku mur."

"Basi ni mama ya batoto ya nyumba hii. Nazi yake ni nazi ya familia. Andika ndiyo. Kisha inauliza nini?"

"Inauliza kama inapikiwa mu familia tangu vizazi vitatu."

"Mama, leo ulionja?"

Mama Suzanne, mwanamke asiyejua uongo, alifikiri. Alinyoosha kidole, akakichovya kwenye mchuzi wa nazi, akakilamba, na uso ukamkunjamana. "Sasa nimeonja," alisema.

"Mama mumoja. Jean-Luc mbili. Batoto babili ba Liège, tatu. Vizazi vitatu. Andika."

Deborah aliandika. Na sidhani aliandika kwa ajili ya Jenny tu. Yeye pia alihitaji kuku yule awe wa mahali fulani. Na kwa kuwa fomu ya chama haikuwa na mstari wa kuuliza nazi ilipita wapi, kila kilichoandikwa humo kilikuwa kweli. Jina la mlinzi wa mapishi: Hélène. Aligeuza karatasi na kumpa kalamu.

Hélène alitaka kuikataa. Alikuwa na maneno tayari mdomoni. Lakini aliona kwamba mkono wake ulikuwa umeshaipokea.

"Hapa chini," alisema Jenny, akiweka kidole kwenye mstari ulio wazi. "Hapa baliandika nini?"

"Musaidizi ya mulinzi," alisema Deborah. "Si lazima. Wengi banaachaka wazi."

"Andika Jenny Ngalula."

Deborah aliichukua tena kalamu kutoka kwa Hélène.

"Musaidizi anapashwa kujua kupika ile kuku," alisema Deborah.

"Citronnelle ni nani aliikata?"

Deborah aliandika Jenny Ngalula, akagonga muhuri chini ya majina mawili.

Simu ya Hélène ilianza kutetemeka mezani, kati ya sufuria mbili. Jina la Jean-Luc liliwaka kwenye kioo. Hélène alinyoosha mkono, lakini Jenny alikuwa karibu zaidi. Aliweka sauti ya nje.

"Hélène? Alisigner?" Nyuma yake zilisikika sahani na watu wakicheka.

"Allô, chéri," alisema Jenny. "Ni minye. Alisigner."

"Dieu merci. Dieu merci. Hélène atakuya, atatusaidia huku. Na weye, chérie, ukuwe tu na patience. Mwaka ujao nitaangalia papiers yako, naapa."

"Usijisumbue," alisema Jenny. "Umuambie Linh atie sahani mbili ku meza."

Upande wa pili, sahani ziliendelea kugongana na watu waliendelea kucheka. Jenny akakata simu, akamgeukia Deborah, na kumuuliza kama picha za pasipoti zinatakiwa mbili au nne.